Wingi wa Wafungwa Si Wingi wa Wahalifu

Watu wengi hudhani ya kuwa hesabu ya wafungwa katika nchi ni kipimo cha tabia ya watu wake. Nchi yenye wafungwa wengi husemwa ina watu wabaya wengi, na nchi yenye wafungwa wachache husemwa ina watu wema, au huambiwa kwamba serikali yake imelala usingizi. Sisi twaona mawazo hayo yote si sahihi, na tena yana madhara, kwa sababu mwenye kuyaamini huacha kuuliza swali lililo kubwa kuliko yote: Watu hao wametiwa gerezani na nani, kwa sheria ipi, na kwa muda gani?

Mhalifu hufanya uhalifu. Dhambi hiyo ni yake, nasi hatumtetei. Walakini mhalifu hajifungi mwenyewe. Bunge ndilo litungalo sheria, polisi ndio wakamatao, mwendesha mashtaka ndiye aamuaye mtu ashtakiwe kwa kosa gani, hakimu ndiye atoaye kifungo, na serikali ndiyo ijengayo gereza na kulilipia. Wote hao hutenda kwa jina la wananchi na kwa fedha za wananchi. Kwa hiyo wingi wa wafungwa ni kazi ya mikono ya taifa, kama ulivyo wingi wa shule zake na barabara zake. Ili tusionekane kuwa twasema maneno matupu, tutatazama nchi mbili zilizopita njia zinazopingana. Ya kwanza ni Marekani, taifa tajiri ambalo katika muda wa miaka 40 liliongeza wafungwa wake kupita kiasi. Ya pili ni Finland, nchi ndogo ya kaskazini ya Ulaya, ambayo katika muda uo huo ilipunguza wa kwake.

Kwanza yafaa tuielewe hesabu yenyewe, kwani ni nyepesi, nayo husahauliwa upesi. Gereza ni kama tangi la maji. Maji yaliyomo hutegemea mambo mawili tu: kiasi kiingiacho, na muda kikaacho kabla ya kutoka. Tuseme katika nchi fulani wezi 1,000 hufungwa kila mwaka, na kila mmoja hupewa mwaka mmoja. Siku yoyote utakayokwenda kuwahesabu utawakuta wapatao 1,000. Sasa bunge la nchi hiyo libadili sheria, kila mwizi apewe miaka 10. Baada ya miaka 10 kupita utawakuta wafungwa 10,000, wala hakuongezeka mwizi hata mmoja. Mgeni apitaye atasema, "Loo! Nchi hii imejaa wezi!" Kumbe wezi ni wale wale, kilichoongezeka ni miaka.

Hayo ndiyo yaliyotokea Marekani, ingawa si hayo peke yake. Tangu miaka ya 1920 hadi mwanzo wa miaka ya 1970, magereza ya majimbo na ya serikali ya shirikisho yalikuwa na wafungwa 100 hivi katika kila watu 100,000. Hesabu hiyo ilitulia kwa muda mrefu hata wataalamu wengine wakafikiri kwamba ni kama kanuni, haiwezi kupanda sana wala kushuka sana. Mwaka 1970 wafungwa wa magereza hayo walikuwa pungufu kidogo ya 200,000. Mwaka 2009 walizidi 1,600,000. Ukiwaongeza waliofungiwa katika jela ndogo za wilaya, mwaka 2008 jumla ilifika kama 2,300,000, maana yake mtu mzima mmoja karibu katika kila watu wazima 100. Tangu hapo hesabu imeshuka, lakini mwisho wa mwaka 2022 ilikuwa bado inazidi 1,800,000. Katika muda wa tangu 1970 hadi 2010 watu wa Marekani waliongezeka kwa nusu tu. Wafungwa wa magereza yale waliongezeka mara nane.

Je, uhalifu haukuongezeka? Uliongezeka, nasi hatutaficha. Baina ya mwaka 1960 na 1980 mauaji katika Marekani, yakipimwa kwa wingi wa watu, yaliongezeka mara mbili. Watu waliogopa kutembea usiku katika miji yao, na hofu yao haikuwa ya kubuni. Lakini tangu mwanzo wa miaka ya 1990 uhalifu ulianza kupungua, na kufika mwaka 2014 mauaji yalikuwa yameshuka chini ya nusu ya yale ya 1991. Na wafungwa je? Waliendelea kuongezeka mwaka hata mwaka mpaka 2009. Kama gereza lingekuwa kivuli cha uhalifu, kivuli hicho kingepungua pamoja na mwenye nacho.

Wako watakaojibu kwamba uhalifu ulipungua kwa sababu wahalifu walikuwa wamefungwa. Jibu hilo lina chembe ya ukweli, kwani mtu aliye gerezani hawezi kuvunja nyumba iliyo nje. Lakini jirani wa Marekani ni Canada. Huko nako uhalifu ulipungua katika miaka ile ile, na hesabu ya wafungwa haikupanda. Ilibaki karibu na 100 katika kila watu 100,000. Tena ndani ya Marekani yenyewe liko jimbo la New York. Mwaka 1999 magereza ya jimbo hilo yalikuwa na wafungwa zaidi ya 72,000. Katika miaka 20 na kitu iliyofuata walipungua hata chini ya nusu. Je, mji wa New York uligeuka pango la wauaji? La hasha. Mwaka 1990 waliuawa humo watu zaidi ya 2,200. Mwaka 2017 waliuawa pungufu ya 300. Wafungwa walipungua na mauaji yakapungua.

Basi, ikiwa uhalifu peke yake hautoshi kuwa sababu, sababu ni nini? Ya kwanza ni sheria za vifungo virefu visivyompa hakimu nafasi ya kutumia akili yake. Mwaka 1973 gavana wa New York, Nelson Rockefeller, alipitisha sheria ambayo mtu aliyekamatwa akiuza heroini, hata ikiwa ni kidogo ya kujaa kiganjani, aliweza kufungwa si chini ya miaka 15, na pengine maisha. Majimbo mengine yakaiga. Mwaka 1986 bunge la Marekani likaamua kwamba mwenye kuuza gramu 5 za kokeini iliyopikwa ikawa vipande vya kuvutwa afungwe si chini ya miaka 5, na mwenye kuuza kokeini ya unga apate kifungo hicho hicho akiwa na gramu 500. Dawa ni ile ile. Tofauti ilikuwa kwamba ile ya vipande iliuzwa zaidi katika mitaa ya Wamarekani weusi walio maskini. Katika miaka ya 1990, kati ya kila watu 100 waliohukumiwa katika mahakama za shirikisho kwa kokeini ya vipande, zaidi ya 80 walikuwa weusi. Tofauti hiyo ya mia kwa moja ilidumu mpaka mwaka 2010 ilipopunguzwa, na hata hapo haikufutwa.

Mwaka 1994 jimbo la California likapitisha sheria kwamba mtu aliyekwisha kutiwa hatiani mara mbili kwa makosa mazito, akifanya kosa la tatu la jinai, afungwe miaka 25 hadi maisha, hata kama kosa hilo la tatu si la kumwaga damu. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Marekani ililetewa shauri la mtu aliyepewa kifungo hicho kwa kuiba fimbo tatu za mchezo wa gofu, na shauri la mwingine aliyepewa miaka 50 hadi maisha kwa kuiba kanda za sinema zenye thamani ya dola 150 hivi. Majaji 5 kati ya 9 walisema hukumu hizo hazikuvunja katiba. Ndipo tunapokumbuka wasemavyo wazee wetu kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Lakini msumeno hushikwa na seremala. Sheria hizi zilimnyang'anya seremala mpini. Hakimu aliyaona machozi ya mshtakiwa, akaijua na sababu ya kosa lake, lakini mikono yake ilikuwa imefungwa kabla ya ile ya mshtakiwa.

Sababu ya pili ni kwamba uwezo ule alionyang'anywa hakimu haukupotea; ulihamia kwa mwendesha mashtaka. Yeye ndiye achaguaye shtaka, na katika sheria za aina hii achaguaye shtaka ndiye achaguaye kifungo. Humwambia mshtakiwa, "Ukiri kosa upate miaka 3, au uende mbele ya mahakama, na ukishindwa upate 20." Ni watu wangapi, hata wasio na hatia, wenye moyo wa kuutupa mchezo huo? Katika Marekani zaidi ya watu 90 katika kila 100 waliotiwa hatiani hawakupata kusikilizwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama, walikiri. Mahakama ambayo watoto husomeshwa shuleni kwamba ndiyo ngao ya raia imekuwa, kwa walio wengi, mlango wa kupitia tu.

Na mwendesha mashtaka huyo, karibu katika majimbo yote, huchaguliwa kwa kura. Majaji wengi wa majimbo nao huchaguliwa vivyo hivyo. Sisi si maadui wa kura. Lakini mtu aombaye kura kwa kazi ya kushtaki huhesabiwa kwa watu aliowafunga, si kwa watu aliowaachia kwa haki. Tena liko jambo lisiloonekana kwa urahisi: mwendesha mashtaka huchaguliwa na kulipwa na wilaya, bali gereza la vifungo virefu hulipiwa na jimbo zima. Wilaya ikimtia mtu gerezani kwa miaka 20, hailetewi hesabu ya gharama. Aagizaye chakula siye alipaye. Ni ajabu gani akiagiza sahani kubwa?

Sababu ya tatu ni hofu iliyogeuzwa kuwa bidhaa ya siasa. Mwaka 1988, katika uchaguzi wa urais, Michael Dukakis, aliyekuwa gavana wa Massachusetts, alishambuliwa kwa tangazo la televisheni juu ya mfungwa wa jimbo lake aliyepewa ruhusa ya kutoka kwa siku chache, asirudi, akafanya uovu mkubwa. Mfungwa huyo alikuwa mtu mweusi, na picha yake ilionyeshwa nchi nzima. Dukakis alishindwa. Sababu za kushindwa kwake zilikuwa nyingi, lakini wanasiasa wa vyama vyote viwili walijifunza somo moja: anayemhurumia mfungwa atakiona, na asemaye "funga, funga zaidi" hapotezi kura. Mwaka 1994 Rais Bill Clinton, wa chama kile kile cha Dukakis, alitia sahihi sheria iliyowapa majimbo fedha za kujenga magereza. Mwaka 2015, alipokwisha kuondoka madarakani, alisema hadharani kwamba sheria ile iliuzidisha ubaya. Wafungwa wa miaka ile hawakurudishiwa ujana wao kwa maneno hayo.

Sababu ya nne yatoka mbali zaidi, nayo ni utumwa. Mwaka 1865 Marekani ilibadili katiba yake na kuukomesha utumwa, ila iliacha mlango mmoja wazi: utumwa haukukatazwa ukiwa ni adhabu ya kosa. Majimbo ya kusini yaliupita mlango huo kwa haraka. Yalitunga sheria za kuwakamata watu weusi wasio na kazi, yakawatia hatiani, kisha yakawakodisha kwa wenye migodi, reli na mashamba. Alabama, jimbo la mwisho kuiacha biashara hiyo, liliiacha mwaka 1928. Katika Louisiana liko gereza kubwa liitwalo Angola, kwa jina la nchi ya Afrika. Mahali hapo palikuwa shamba la watumwa. Serikali ya jimbo ilipashika mwaka 1901, na mpaka katika karne hii wafungwa, wengi wao weusi, hulima huko chini ya walinzi waliopanda farasi. Wamarekani weusi ni kama 13 au 14 katika kila wakazi 100 wa nchi yao; gerezani ni karibu theluthi ya wafungwa wote. Taifa lililozoea kwa miaka mia mbili na zaidi kumtazama mtu mweusi akiwa katika minyororo halikushtuka vya kutosha lilipomwona tena katika minyororo mipya.

Sababu ya tano ni umaskini na ugonjwa. Katika jela za wilaya za Marekani walio wengi hawajahukumiwa, ni mahabusu. Wengi wao wamo humo kwa kukosa fedha za dhamana tu. Watu wawili wakishtakiwa kwa kosa moja, mwenye fedha hulala kwake, asiye nazo hulala sakafuni, hupoteza kazi, na baada ya majuma machache hukiri lolote ili atoke. Kadhalika mwaka 1955 hospitali za serikali za wagonjwa wa akili zilikuwa na wagonjwa zaidi ya 550,000. Hospitali hizo, ambazo nyingi zilikuwa mbaya, zilifungwa moja baada ya moja, na matibabu yaliyoahidiwa karibu na nyumbani hayakuja kwa kiasi kilichotakiwa. Wagonjwa wengi walibaki barabarani, na polisi wakawa ndio waganga wao. Yapasa tuongeze neno moja la haki: wengine husema kwamba wafungwa ni wengi kwa sababu ya makampuni yenye magereza ya faida. Makampuni hayo yapo, nasi twaona ni aibu kumfanya mfungwa kuwa mtaji. Lakini yanashika kama wafungwa 8 tu katika kila 100. Tusiitwike kampuni mzigo ambao wa kuubeba ni serikali.

Sasa tuje Finland. Nchi hii ilipata taabu nyingi. Mwaka 1918 iliraruliwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, na baina ya 1939 na 1944 ilipigana na Urusi ya Kisovieti. Ilitoka katika misiba hiyo na sheria kali na moyo mgumu. Mwaka 1950 ilikuwa na wafungwa karibu 190 katika kila watu 100,000, kama mara tatu ya majirani zake wa Sweden, Norway na Denmark. Wataalamu wake wakajiuliza: Je, Mfini ni mwizi mara tatu kuliko Mswidi? Walipochunguza waliona kwamba makosa katika nchi hizo hayakutofautiana kiasi hicho. Kilichotofautiana ni adhabu. Wakasema jambo hilo ni fedheha kwa taifa, na serikali ikakubali kusikia.

Hawakuvunja magereza kwa nyundo, wala hawakuwafungulia wote siku moja. Walikwenda hatua kwa hatua. Mwaka 1969 ulevi wa hadharani uliacha kuwa kosa la jinai. Hapo awali walevi walitozwa faini, na walioshindwa kulipa walijaza magereza. Mwaka 1972 adhabu za wizi zilipunguzwa. Mwaka 1977 sheria ya waendeshao gari wakiwa wamelewa ilibadilishwa, wengi wakapewa faini na vifungo vya nje badala ya kuingizwa gerezani. Mwaka 1991 ulianza mpango wa kumpa mkosaji kazi ya kutumikia umma bila malipo, na mwaka 1994 mpango huo ulienea nchi nzima. Mmoja wa viongozi wa fikra hizo, Bibi Inkeri Anttila, mwalimu wa sheria wa chuo kikuu, alikuwa waziri wa sheria mwaka 1975. Kufika mwisho wa miaka ya 1990 wafungwa walikuwa wamepungua hata chini ya 60 katika kila watu 100,000.

Je, uhalifu ulifurika? Uliongezeka, kisha ukatulia, kwa mwendo ule ule ulioonekana Sweden, Norway na Denmark ambazo hazikupunguza wafungwa wake kiasi hicho. Wala tusidhani kwamba Finland ni nchi ya malaika. Kwa muda mrefu mauaji yake yalizidi ya majirani hao. Hata hivyo hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba kufungua milango kuliwaangamiza raia. Na jambo lililowasaidia zaidi ni hili: vyama vya siasa vya Finland havikuufanya mfungwa kuwa ngoma ya kuchezea wakati wa uchaguzi.

Hapa twajua msomaji atatusimamisha. Atasema, "Nanyi mwamsahau aliyeibiwa, mwamsahau mama aliyeuliwa mwanawe. Dawa ya moto ni moto. Tazameni El Salvador!" Hoja hiyo ni nzito, na haifai kuikwepa. El Salvador ilikuwa mojawapo ya nchi zenye mauaji mengi kuliko zote duniani. Mwaka 2015 waliuawa zaidi ya watu 100 katika kila 100,000, wengi kwa mikono ya magenge. Mwezi Machi 1922 si jana, lakini Machi 2022 ni jana tu: ndipo serikali ya Rais Nayib Bukele ilipotangaza hali ya hatari, ikawakamata watu zaidi ya 80,000, na mwaka uliofuata ikafungua gereza moja lililosemwa kuwa na nafasi ya watu 40,000. Nchi hiyo imeipita Marekani, nayo sasa ndiyo ya kwanza ulimwenguni kwa wafungwa, zaidi ya 1,000 katika kila watu 100,000. Mauaji yameshuka sana, na wananchi wengi wanatembea mitaani bila hofu ya magenge. Mtu asiyewahi kutozwa kodi na genge asiwacheke kwa furaha yao.

Lakini yako mambo matatu ya kukumbuka. La kwanza, mauaji yalikwisha kuanza kushuka sana kabla ya 2022. La pili, serikali yenyewe imekiri kwamba iliwakamata na kuwaachia maelfu ya watu wasio na hatia. Na mahakama zimeruhusiwa kuwahukumu watu kwa mamia pamoja. Kalamu imkamatayo mtu bila ushahidi haijui kusoma nani ni mwizi na nani ni mwana wa jirani. La tatu ndilo la kushangaza zaidi: magenge hayo hayakuzaliwa El Salvador. Yalizaliwa katika mitaa ya Los Angeles, miongoni mwa wakimbizi wa vita, yakapata nguvu katika magereza ya California, kisha katika miaka ya 1990 Marekani ikawarudisha watu wao kwa maelfu katika nchi iliyokuwa imetoka vitani majuzi. Gereza la nchi moja likawa shule ya uhalifu wa nchi nyingine. Huo ni moto wa namna gani wa kuzimia moto?

Hapa kwetu somo hili si geni. Mwaka 1963 Tanganyika ilitunga sheria ya kima cha chini cha adhabu: kwa makosa yaliyotajwa, kama wizi wa mali ya umma na kupokea rushwa, hakimu alilazimika kutoa kifungo cha si chini ya miaka 2 pamoja na viboko 24, nusu wakati wa kuingia na nusu wakati wa kutoka. Nia ya taifa changa ilikuwa njema, kulinda mali ya wanyonge. Lakini njia ilikuwa ile ile ya kumfunga hakimu mikono. Baadaye Afrika yenyewe ilisema neno la busara. Mwezi Septemba 1996 wajumbe kutoka nchi nyingi walikutana Kampala, wakatoa azimio juu ya hali ya magereza ya Afrika, wakasisitiza kwamba makosa madogo yatafutiwe adhabu nyingine isiyokuwa gereza. Kenya ikatunga sheria ya huduma kwa jamii mwaka 1998, na Tanzania mwaka 2002. Kwa sheria hizo hakimu aweza kumpa mkosaji wa kosa dogo kazi ya kusafisha hospitali au kufyeka shule, akalala kwake na kulisha watoto wake.

Sheria hizo ni mali yetu, lakini mali isiyotumiwa huota kutu. Kijana aliyeiba kuku, mama aliyekutwa na pombe ya kienyeji, mchuuzi aliyeshindwa kulipa faini: hao tukiwatia gerezani pamoja na majambazi, tutakuwa tumewapeleka chuoni, nao watarudi na shahada. Na mahabusu akaaye miaka akingoja upelelezi ukamilike ni mtu aliyeadhibiwa kabla ya kuhukumiwa. Awe na hatia au asiwe nayo, siku zile hazirudi.

Kwa hiyo twawasihi wananchi wawe na tahadhari na kila kiongozi ajaye na ahadi ya vifungo virefu kuwa ndiyo dawa ya kila ovu. Aulizwe kwa upole, lakini aulizwe: Kifungo cha sasa ni miaka mingapi, nacho kimeshindwa kwa nini? Wezi wangapi katika kila mia hukamatwa, maana mwizi huogopa kukamatwa kuliko anavyoogopa miaka asiyoijua? Gereza hilo jipya litajengwa kwa fedha zilizotoka katika shule ipi na zahanati ipi? Na mfungwa akitoka, kwa kuwa karibu wote hutoka siku moja, atarudi kwetu akiwa mtu wa namna gani?

Wako watu ambao lazima wafungwe, na wengine kwa muda mrefu, ili wengine waishi. Hatuna ubishi juu ya hilo. Lakini kila kitanda cha gereza ni uamuzi uliofanywa na watu wenye akili timamu, nao waweza kufanya uamuzi mwingine. Finland ilifanya. New York ilifanya. Taifa lisilopenda kuhesabu wafungwa wake na kujiuliza kwa nini wamo humo, litaendelea kuongeza kuta, na usalama litausikia kwa majirani.